Kadi ya michoro kwa kompyuta ya sebuleni

Kadi ya michoro kwa kompyuta ya sebuleni ni kadi inayochaguliwa kwa ajili ya kompyuta iliyounganishwa na runinga nyumbani, ili kuonyesha filamu, vipindi na picha bila kelele ya feni kuwasumbua watazamaji. Uchaguzi wake hutofautiana na ule wa kadi ya michezo ya video. Kadi ya michezo hupimwa kwa nguvu. Kadi ya sebuleni hupimwa kwanza kwa aina za video ambazo kisimbuzi chake kinazijua, kisha kwa tundu linalopeleka picha kwenye runinga, na kwa joto inalotoa. Kadi dhaifu yenye kisimbuzi sahihi huwa tulivu kuliko kadi kubwa isiyo nacho, na mara nyingi kompyuta haihitaji kadi yoyote ya ziada.

Asiyelijua hilo hupoteza fedha kwa njia mbili. Mmoja hununua kadi ya bei kubwa ambayo sehemu kubwa ya nguvu zake hazitatumika kamwe. Mwingine hununua kadi rahisi isiyo na feni akidhani ukimya ameupata, kisha akifungua filamu ya 4K picha inakatakata na feni ya prosesa inavuma kama mashine ya kusaga.

Kompyuta ya sebuleni

Kompyuta ya sebuleni hukaa kwenye kabati au meza ya runinga na huendeshwa kwa rimoti au kibodi isiyo na waya. Wazo hili lilivuma baada ya mwaka 2002, Microsoft ilipotoa Windows XP Media Center Edition. Mwaka huohuo ulianza mradi wa programu ya kuchezea video kwenye mashine ya michezo ya Xbox. Baadaye programu hiyo iliitwa XBMC, na tangu 2014 inaitwa Kodi. Microsoft iliiacha Media Center ilipotoa Windows 10 mwaka 2015, ila Kodi inaendelea kutumika kwenye Windows, Linux na Android.

Siku hizi runinga nyingi zina intaneti ndani yake, na kisanduku kidogo cha Android hutosha kwa watu wengi. Kompyuta imebaki kwa wale wenye mkusanyo wao wa filamu kwenye diski, wanaorekodi televisheni, au wanaotaka mashine moja ya kutazama na ya kazi nyingine. Kwa watu hao kelele ni jambo la msingi. Feni ambayo ofisini haisikiki kwa sababu ya magari na maongezi husikika waziwazi saa nne usiku, mwigizaji anaponong'ona.

Joto linakotoka

Picha moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani pikseli 8,294,400. Zikionyeshwa picha 60 kila sekunde, na kila pikseli ikichukua biti 24, mzigo unafika karibu gigabiti 12 kwa sekunde. Intaneti ya kawaida ya nyumbani haibebi mzigo huo. Ndiyo maana video hubanwa kabla ya kutumwa: ikibanwa hadi megabiti 20 kwa sekunde, imepungua mara 600. Namna ya kubana na kubanua huitwa kodeki, na kazi ya kuirudisha picha katika hali ya kuonekana huitwa kusimbua. Aliyewahi kuwa na king'amuzi cha televisheni ameiona kazi hii, kwa kuwa ndiyo inayofanyika ndani ya kile kisanduku.

Kompyuta husimbua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumia prosesa kuu, ambayo inaweza kusimbua kodeki yoyote iliyo na programu yake, lakini kwa jasho: viini vyote hufanya kazi, joto hupanda, feni huongeza mwendo. Ya pili ni kutumia kisimbuzi kilichochongwa ndani ya chipu ya michoro kwa kazi hiyo tu. Kisimbuzi hiki hakiwezi kitu kingine, ila kazi yake hukifanya kwa umeme kidogo sana, na prosesa hubaki karibu imelala. Ukimya wa kompyuta ya sebuleni huanzia hapo, kabla ya kuzungumzia feni.

Ugumu ni kwamba kisimbuzi hakijifunzi. Kodeki iliyokuja baada ya chipu kutengenezwa haiwezi kuongezwa kwa programu mpya. Chipu isiyoijua leo haitaijua mwakani.

Kodeki na umri wa chipu

Kodeki ya H.264 ilitoka mwaka 2003, na karibu kila chipu ya michoro inayopatikana sokoni inaisimbua. HEVC, iitwayo pia H.265, ilitoka mwaka 2013 na ndiyo inayotumika katika diski za 4K na filamu nyingi zenye rangi za HDR. Filamu za HDR hutumia biti 10 kwa kila rangi badala ya 8, na hapo ndipo chipu nyingi za mpito hukwama: prosesa za Intel Core za kizazi cha 6, za mwaka 2015, zina kisimbuzi cha HEVC ya biti 8, lakini cha biti 10 kilikuja na kizazi cha 7. VP9 ni kodeki ya Google, nayo ilitoka 2013. YouTube hutumia VP9 na AV1 kwa video zake za 4K, kwa hiyo mwenye chipu ya H.264 peke yake hutazama YouTube ya 4K kwa mgongo wa prosesa.

AV1 ilitangazwa mwaka 2018 na muungano wa kampuni kadhaa uitwao Alliance for Open Media. Inabana zaidi ya zile za kabla yake, jambo lenye maana kwa yeyote anayelipia intaneti kwa bando. Visimbuzi vyake vilianza kuonekana mwaka 2020, katika prosesa za Intel Core za kizazi cha 11 na kadi za NVIDIA za mfululizo wa GeForce RTX 30.

Majina yanayopotosha

Mnunuzi angetarajia kwamba kadi mpya ina kila kilichomo katika ya zamani na zaidi. Sivyo. Radeon RX 6400 ya AMD ilitoka mwaka 2022, ni ndogo, na hutumia wati 53. Ingefaa sana sebuleni, lakini haina kisimbuzi cha AV1, ilhali kadi nyingine za mfululizo wake wa RX 6000 zilizotangulia zinacho. Nyaraka za mauzo hazilitaji jambo hili kwa herufi kubwa.

GeForce GT 710 ya NVIDIA ni mtego wa kawaida zaidi. Hutumia wati 19, huuzwa katika matoleo mengi yasiyo na feni, na bei yake huvutia. Chipu yake ni ya ukoo wa Kepler, ulioanza mwaka 2012: haisimbui HEVC wala VP9, na tundu lake la HDMI ni la toleo la 1.4. NVIDIA ilisitisha programu endeshi za kawaida kwa kadi za Kepler mwaka 2021. Kwa runinga ya kawaida na filamu za H.264 inatosha, kwa runinga ya 4K ni kupoteza hela. GT 730 ina tatizo la ziada: jina hilohilo liliwekwa kwenye kadi za koo mbili tofauti, Fermi na Kepler, na sanduku halisaidii sana kuzitofautisha.

GeForce GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuja kurekebisha mengi kati ya hayo. Hutumia wati 30, husimbua HEVC ya biti 10 na VP9, na ina HDMI 2.0. Kampuni za Asus, MSI na Gigabyte ziliiuza bila feni. Haina kisimbuzi cha AV1. Mwaka 2018 lilitolewa toleo jingine kwa jina lilelile, lenye kumbukumbu ya DDR4 badala ya GDDR5, na mwendo wa kumbukumbu ulishuka kutoka gigabaiti 48 kwa sekunde hadi karibu 17. Kisimbuzi ni kilekile, lakini kazi za kupendezesha picha, kama kusawazisha mistari ya matangazo ya televisheni ya 1080i au kukuza picha ndogo ijaze skrini ya 4K, hutegemea mwendo wa kumbukumbu. Mnunuzi asome neno GDDR5 kwenye sanduku kabla ya kutoa pesa.

Kwa AV1, kadi ndogo zinazofahamika ni Intel Arc A310 na A380 za mwaka 2022, na GeForce RTX 3050 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6, ya mwaka 2024, inayotumia wati 70. Kadi za Arc zina kisimbuzi bora, ila zinahitaji kompyuta ya kisasa: Intel yenyewe inaelekeza zitumike na prosesa za Core za kizazi cha 10 au baada yake, au za AMD za rika hilo. Pia hula umeme mwingi kuliko inavyotarajiwa zikiwa hazina kazi, mpaka mpangilio wa kuokoa umeme uitwao ASPM uwashwe kwenye BIOS.

Mfano wa kompyuta ya ofisi iliyotumika

Njia ya bei nafuu ya kupata kompyuta ya sebuleni ni kuchukua kompyuta ndogo ya ofisi iliyotumika. Mashine hizi huuzwa kwa wingi Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, nyingi zikiwa zimetoka ofisi za Ulaya. Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ni mfano mzuri, na isichanganywe na ile ya mwaka 2023 iliyopewa jina hilohilo. Toleo lake jembamba lina prosesa ya Core ya kizazi cha 3, ambayo michoro yake ya ndani husimbua H.264 lakini si HEVC wala VP9. Nyuma ina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, HDMI hakuna. Kigawa umeme chake ni cha wati 240.

Kadi ya kuwekwa humo lazima iwe fupi, yenye bati la nyuma la kimo cha karibu sentimita 8 badala ya 12 za kadi ya kawaida. Lazima pia itosheke na umeme wa sloti, kwa sababu kompyuta hiyo haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kanuni ya sloti ya PCI Express huruhusu hadi wati 75, ila baadhi ya kompyuta za ofisi huweka kikomo cha chini zaidi, na mwongozo wa mashine ndio wa kuaminiwa. GT 1030 fupi isiyo na feni hutimiza masharti yote: inaleta HDMI 2.0, HEVC na VP9 kwa wati 30. Kadi ya Arc kwenye mashine ya umri huo ingekuwa nje ya maelekezo ya mtengenezaji.

Kabla ya kulipa, bei ya mashine na kadi ijumlishwe. Wakati mwingine jumla hiyo inafika bei ya kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 ya mwaka 2023, ambayo michoro yake ya ndani husimbua HEVC, VP9 na AV1, na prosesa yenyewe imepangiwa wati 6. Hapo kadi haina hoja tena.

Pale kadi isipohitajika

Prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 7 au baada yake inatosha kwa HEVC ya biti 10 na VP9. Kuanzia kizazi cha 11 inatosha na kwa AV1. Prosesa za AMD Ryzen zenye herufi G mwishoni, kuanzia 2200G ya mwaka 2018, nazo husimbua HEVC na VP9. Zenye herufi F kwa upande wa Intel, kama Core i5-12400F, hazina michoro ya ndani, na hizo ndizo zinazohitaji kadi.

Tatizo linalobaki mara nyingi ni tundu. Bao mama nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha 11 zina HDMI 1.4, ambayo kwa 4K huishia picha 30 kwa sekunde. Filamu huonekana vizuri, lakini kielekezi cha mausi hukwama-kwama na mpira wa miguu huacha kivuli. Ikiwa ubao una DisplayPort, adapta ya kuigeuza kuwa HDMI 2.0 hutatua tatizo kwa sehemu ndogo ya bei ya kadi, na haina feni.

Kuna jambo moja ambalo kadi haiwezi kulitatua hata iwe ya bei gani. Programu za kucheza diski halali za 4K Blu-ray kwenye kompyuta zilitegemea kinga iitwayo SGX ndani ya prosesa za Intel, na Intel iliiondoa kuanzia prosesa za Core za kizazi cha 11. Aliye na diski hizo ni afadhali anunue kicheza diski cha kawaida.

Feni, mapezi na hewa

Sikio husikia ongezeko la desibeli 10 kama kelele iliyoongezeka maradufu. Kelele ya feni hupanda haraka kuliko mwendo wake: feni ikipunguzwa mwendo kwa nusu, kelele hushuka kwa karibu desibeli 15. Kwa hiyo feni kubwa inayozunguka polepole hushinda ndogo inayokimbia, hata kama zinasukuma hewa sawa. Kifeni cha sentimita 4 juu ya kadi ya bei ya chini ndicho adui wa sebule. Licha ya mwendo wake, mlio wake ni mwembamba, na sikio huukamata hata ukiwa mdogo.

Kadi isiyo na feni hupozwa na mapezi ya alumini peke yake. Haitoi sauti, lakini joto lake haliyeyuki. Linahamia ndani ya kasha. Kwa GT 1030 si tatizo. Kwa kadi kubwa kama zile za Palit zinazoitwa KalmX, ambazo zimewahi kutengenezwa kwa chipu za GTX 1650 na RTX 3050 bila feni, kasha lazima liwe na mkondo wa hewa na mapezi yapate nafasi. Kadi kama hiyo ikifungiwa kwenye kabati la runinga lenye mlango wa kioo, feni ya prosesa italazimika kuongeza mwendo, na ukimya ulionunuliwa kwa bei kubwa utapotea kwa mlango mwingine. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako hewa ya chumba mara nyingi hupita nyuzi 30, nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi kuliko katika majaribio yaliyofanywa kwenye vyumba baridi vya Ulaya.

Kadi nyingi za kisasa za kati zina feni zinazosimama kabisa hadi chipu ifike joto fulani, kwa kawaida kati ya nyuzi 50 na 60. Kusimbua video peke yake mara nyingi hakufikishi kadi hapo, hivyo hufanya kazi kama isiyo na feni, na bado ina akiba siku ya joto. Kwa atakayecheza na michezo kidogo, aina hii hufaa kuliko ile ya mapezi matupu. Vumbi nalo lihesabiwe: mapezi yaliyojaa vumbi hupoteza uwezo wake, na kuyapuliza kila baada ya miezi michache ni sehemu ya utulivu.

Mwendo wa picha na rangi

Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ikiwa inajichora upya mara 60 kwa sekunde, picha moja huonyeshwa mara tatu na inayofuata mara mbili, na kamera inapogeuka taratibu mandhari huonekana kurukaruka. Dawa ni kuiacha programu ibadilishe mwendo wa runinga ufuate filamu, jambo ambalo Kodi hulifanya ikiruhusiwa. Filamu nyingi kwa kweli ni picha 23.976 kwa sekunde. Kadi inayotoa 24 kamili hulazimika kurudia picha moja kila baada ya sekunde 42 hivi. Baadhi ya chipu za Intel za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilijulikana kwa kasoro hiyo. Matangazo ya televisheni ya Afrika Mashariki yalirithi mfumo wa picha 25, kwa hiyo anayetazama au kurekodi televisheni ya hapa aweke Hz 50.

Rangi zikionekana zimefifia na weusi umekuwa kijivu, mara nyingi kadi na runinga hazikubaliani kuhusu kipimo: kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255, video na runinga kutoka 16 hadi 235. Hurekebishwa kwenye mipangilio, bila kununua chochote. Kwa sauti, kadi yoyote ya miaka ya karibuni hupitisha Dolby TrueHD na DTS-HD kwa HDMI. Radeon HD 5000 za mwaka 2009 ndizo zilizoanza kuzipitisha zikiwa bado zimefungwa, ili redio yenyewe izifungue.

Kukagua kabla ya kulipa

Sokoni kuna kadi bandia: chipu za zamani za Fermi zilizoandikiwa upya BIOS yake ili kompyuta izitambue kama GTX 1050 Ti au nyingine mpya. Kwa mtazamaji, kadi hiyo maana yake ni kukosa HEVC. Programu ya bure ya GPU-Z, tangu 2018, huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi inayoigundua.

Muuzaji akikubali, kadi ijaribiwe dukani kwa faili fupi la HEVC la biti 10 lililobebwa kwenye flashi. Kwenye Windows 10 na 11, Task Manager huonyesha kazi ya kisimbuzi cha video chini ya jina la kadi. Kwenye Linux yenye chipu ya Intel au AMD, amri ya vainfo hutaja kodeki zote zinazotambuliwa. Grafu ya kisimbuzi ikipanda na ya prosesa ikabaki chini, kadi inafanya kazi yake. Ikiwa prosesa ndiyo inayopanda, tatizo linaweza kuwa mpangilio wa programu, kwa hiyo programu nyingine ijaribiwe kwanza. Mwisho sikio lisogezwe karibu na kadi: baadhi hutoa mlio mwembamba wa koili za umeme hata pasipo feni, na mlio huo hauondolewi na mpangilio wowote wa feni.